Nyanya alikubali nimrekodi, shangazi anasema filamu isionekane

Assalaam aleikum, mshauri.

Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu, niko mwaka wa mwisho katika chuo kikuu kimoja cha umma huko Nairobi. Nasomea filamu, video na upigaji picha. KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, ndio walionipangia kozi hii. Nilikuwa nimeiweka nyuma ya ualimu, na nyumbani walipoisikia waliuliza kama nimekwenda kuwa mwigizaji. Baba akanitetea. Alisema madamu nimeitwa chuo cha serikali na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, watasaidia karo, niende nisome, kamera haijala mtu.

Kozi nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Sasa imebaki kazi ya mwisho: kila mwanafunzi atoe filamu ya dakika 25 pamoja na maelezo ya maandishi. Ukianguka hapo huhitimu.

Mimi nilichagua kutengeneza filamu ya hali halisi juu ya nyanya yangu, mamake baba. Nyanya ni somo na mpambaji. Tangu ujana wake ndiye anayewasinga maharusi wa mtaani kwetu, kuwatia hina na piko na kuwafunza mambo ya unyumba, na ana nyimbo za vugo, zile za harusi wanawake huziimba wakipiga pembe, ambazo hata mama hazijui zote. Likizo ya Aprili binamu yangu aliolewa. Nikamwomba nyanya nimrekodi akiwa kazini, akaniambia, "Rekodi, mwanangu. Mimi nikifa na haya yafe?" Chuo kina fomu ya idhini, imeandikwa kwa Kiingereza. Nilimweleza yaliyomo, akaweka kidole gumba.

Nilirekodi tangu siku ya singo, ya kumsugua bi harusi manukato mwilini, mpaka siku ya kupamba. Nilikuwa peke yangu na kamera ya idara, hapana mwanamume aliyetia mguu. Nyanya yumo ndani, amejifunga leso kifuani, nywele wazi, anamchora bi harusi piko miguuni huku akiimba. Kuna wimbo anamtania mama mkwe kwa mafumbo, wanawake wanacheka mpaka pembe zinawaanguka mikononi. Mwanga ulikuwa ukiingia kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, unamgusa shavu moja tu. Mshauri, sijapata kupiga picha nzuri kama ile, na wahadhiri wangu wanasema vivyo hivyo.

Taabu ilianza niliposema nyumbani kwamba mwisho wa muhula filamu zetu zitaonyeshwa ukumbini, mtahini wa nje atakuwepo, na zilizo nzuri zaidi idara huzipeleka kwenye matamasha. Shangazi yangu, dada yake baba, akasimama. "Nyanyako hajaonekana nywele na mwanamume asiye maharimu wake tangu avunje ungo, leo aonekane na ukumbi mzima wa watu wa bara?" Tangu hapo hataki kuisikia. Baba ananiambia nimalizane na shangazi. Nyanya mwenyewe nikimuuliza anasema, "Fanyani mutakavyo," kisha anageukia redio yake.

Msimamizi wangu ni mama muelewa. Amesema naweza kuufunika uso kwa ukungu, lakini nikijaribu, nyanya anaonekana kama mshukiwa wa polisi. Ameniambia pia kwamba filamu ya mtu isiyo na uso wa mtu huyo ina kazi kubwa ya kufanya. Na kuna jambo linaniuma zaidi. Kila siku watalii wanapiga picha wanawake wetu pale gatini, picha zao zinachapishwa kwenye vitabu vya bei ghali, hakuna wa kuwauliza. Leo mjukuu wa nyumba ndiye anazuiwa?

Nimebakiwa na wiki chache. Nichague heshima ya nyumba au shahada yangu? Na je, nimwambie msimamizi haya yote sasa, au ningoje kwanza nione shangazi atapoa?

Mtoto wa Langoni

JIBU

Mwanangu, waaleikum salaam.

Unayo filamu unayoipenda, idhini ya nyanya ambayo sasa imepwaya, shangazi aliyekasirika, baba aliyekaa kando, na kalenda ya chuo isiyojua habari za Langoni. Umeniuliza uchague kati ya heshima na shahada. Mimi nikiisoma barua yako naona vitu hivyo viwili havijagongana bado kama unavyoviona, kwa sababu kuna maswali hayajaulizwa nyumbani kwenu, na majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha kama kuna mgongano au la.

Nianze na hili la kamera, maana watu wa nje wakisikia kisa chako watasema, ah, Lamu hao, hawataki picha. Si kweli, nawe wajua si kweli. Omar Said Bakor alifungua studio yake Lamu katika miaka ya 1960, akapiga picha za familia na za wapenzi, akachanganya picha na michoro kwa ufundi ambao hata leo watafiti wanausifu. Sitashangaa nyanya akiwa na picha yake ya ujana ndani ya sanduku, amejipamba. Muulize. Lakini picha zile zilirudi nyumbani. Zilikaa ndani ya albamu, na mwenye albamu ndiye aliyeamua nani aifungue. Ndivyo ilivyo hata kwa harusi za sasa, simu zinakusanywa mlangoni, anayerekodi ni mwanamke, na kilichorekodiwa anakabidhiwa mama wa bi harusi. Hakuna aliyekusomea kanuni hiyo ulipoingia na kamera ya idara, kwani hapo ndani kila mtu anaijua na kila mtu alidhani nawe umeingia nayo. Kwa hiyo mimi sioni kwamba shangazi anagombana na kamera yako. Anagombana na safari ambayo picha itaifanya baada ya kutoka mlangoni.

Sasa nyanya. Alisema "rekodi", na mimi naamini alisema kwa moyo. Lakini alikuwa akiiona rekodi ipi? Wewe ulikuwa ukiona ukumbi, mtahini wa nje, nakala ya idara, tamasha. Yeye huenda aliona ile ya kabatini. Ile fomu sikulaumu nayo, ulimweleza kwa uaminifu. Ila je, nyanya amewahi kuona filamu ya mwanafunzi ikionyeshwa? Amewahi kukaa gizani na watu mia asiowajua wakimtazama mtu mmoja ukutani, sura kubwa kuliko mlango? Mtu anaweza kukubali karatasi nzima na bado asijue amekubali nini.

Kisha kuna neno lake, "mimi nikifa na haya yafe?" Hilo ndilo nililokaa nalo muda mrefu. Haya yepi, mwanangu? Nyimbo? Namna ya kuchanganya singo, mkono unavyoshika kijiti cha piko, maneno anayomnong'oneza mwari? Au pia mabega yake na nywele zake? Wewe umechukua kwamba ni vyote kwa pamoja, shangazi amechukua kwamba mwili haumo. Nyote wawili hamjamuuliza. Wala usikimbilie kudhani atachukua upande wa shangazi, wazee wa Lamu wanajua kutushangaza. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye wosia mnamo mwaka 1858, mambo ya ndani kabisa, na leo wosia huo unasomwa vyuoni mpaka Ulaya. Lakini karibu na mwisho yeye mwenyewe anawaalika wanawake wausome. Hadhira aliitaja kwa kinywa chake. Nyanya yako bado hajapewa nafasi hiyo. Mmempa nafasi ya kusema ndiyo au hapana tu, naye kajibu "fanyani mutakavyo". Hiyo si ruhusa wala si katazo. Nikisikiliza kwa sikio la mama, naisikia kama sauti ya mtu aliyewekwa kati ya bintiye na mjukuu wake, asiyetaka kumvunja hata mmoja.

Kuna mtu mwingine katika barua yako, naye ametajwa kwa miguu yake tu. Bi harusi. Wale wanawake walioangusha pembe kwa kicheko, je, nao waliweka kidole? Binamu yako sasa ana mume, na ana mama mkwe, na filamu yako ina wimbo unaomtania mama mkwe. Ndani ya chumba ule ni utani wa harusi, kila mtu anaujua na hakuna wa kuuchukia. Ukitolewa ukumbini ukarudi Lamu kwa mdomo wa mtu, utarudi vipi? Hukuniambia binamu huyu ni mtoto wa nani. Kama ni binti wa shangazi huyo huyo, basi huenda hasira yake haihusu nywele za mamake peke yake. Huenda analinda ndoa changa ya mwanawe na hajui aiseme vipi bila kuonekana mwoga. Nenda kamsikilize bila kujitetea. Muulize ameona nini kilichomtia hofu. Wanawake wengi wa pwani wanajua kisa cha video ya harusi iliyotoka mkononi ikazunguka kwenye simu za watu.

Kisheria, sura ya mtu anayetambulika ni data yake. Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na aliyetoa idhini anaweza kuiondoa baadaye. Sheria hiyo hiyo inaacha nafasi kwa uandishi na kazi za sanaa, kwa hiyo mwanasheria mzuri anaweza kukutetea. Lakini wewe hutafuti kumshinda nyanya mahakamani, kwa hiyo nitaliacha hapo.

Na watalii? Uchungu wako ni wa haki, nami naushiriki. Kuona kitabu kikubwa dukani, jalada lake ni mwanamke wa kwenu aliyejigubika na hata jina hana, kunaudhi. Ila angalia wao wamepata nini: buibui, ukuta, mgongo unaoishia uchochoroni. Wamepiga nje kwa sababu nje ndiko walikoruhusiwa kufika. Wewe ulifika ndani kwa sababu u mtoto wa ndani. Kwa hiyo hoja ya "mbona wao" inakupa haki ya kulalamika juu yao, sijui kama inakupa haki juu ya nyanya. Lifikirie, nami siwezi kukufikiria.

Tuje kwenye unayoweza kufanya. Kama una uwezo wa kufika nyumbani kabla ya tarehe, nafikiri safari hiyo ina faida kuliko simu kumi, ingawa najua nauli si mchezo, na ile barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe bado ina vizuizi na ulinzi wake. Mwonyeshe nyanya filamu yenyewe, kwenye runinga, si kwenye simu. Kwanza akiwa peke yake, shangazi asiwepo, ili aitazame kwa macho yake. Mwambie wazi: hapa watakuona wanaume, hapa watakuona watu wa bara, hapa inaweza kufika nchi ya mbali. Kisha uliza kipande kwa kipande. Hatari yake unaijua, anaweza kukuondolea kipande kile cha mwanga shavuni, na ukishamuuliza huwezi kujifanya hukusikia. Baada ya hapo ndipo mkae na shangazi, na ikiwezekana baba asiruhusiwe kukwepa. Bi harusi naye aione sehemu zake.

Njia nyingine ni kubadilisha filamu. Msimamizi amekwambia filamu bila uso ina kazi kubwa, hakusema haiwezekani. Una mikono, una piko, una asumini zinazotungwa, chetezo cha udi, zidaka za ukutani, kiwanda na huo mwanga wake. Una sauti. (Sauti nayo muulize. Kuna wanawake kwetu ambao sauti ya kuimba ni siri kuliko uso.) Unaweza pia kumrekodi nyanya upya, amevaa buibui lake, ameketi dakani, pale barazani mlangoni, akisimulia kazi yake. Nisikufiche, hii ya mwisho inaweza kutoka kavu kama mahojiano ya taarifa ya habari, na wewe kwa macho yako unayoyasifu hutaridhika nayo. Ile ya mikono na sauti inaweza kuwa filamu kamili, au ikaonekana kama kitu kilichokatwa kichwa. Itategemea kama utaijenga upya tangu mwanzo au utaondoa tu sura kwenye ile uliyonayo. Na wiki chache ni wiki chache.

Waweza pia kuiacha ilivyo na kupunguza watazamaji. Iombe idara kwa maandishi wakupangie watahini wanawake, usiingie kwenye onyesho la ukumbini, na nakala isiwekwe maktaba wala kupelekwa tamasha bila barua ya nyanya. Usidhani ombi kama hilo ni la kichekesho. Vyuo vina kamati za maadili ya utafiti kwa sababu kama hizi, na ndani ya maelezo yako ya maandishi unaweza kueleza kwa nini, ikawa sehemu ya usomi wako. Ugumu ni kwamba mtahini wa nje pengine ameshateuliwa, na ahadi ya mhadhiri mmoja haina nguvu akihamia chuo kingine. Faili likiwa kwenye kompyuta ya idara, mtu yeyote mwenye ufunguo wa chumba anaweza kulichukua.

Kuahirisha muhula sijui kama umewahi kulifikiria. Kuna gharama, kuna HELB, kuna majirani watakaouliza mbona wenzako wamevaa majoho. Siipendekezi wala siifichi, maana nimeona vijana wakidhani mlango huo haupo kabisa.

Na kuiwasilisha kama ilivyo, je? Unaweza. Kidole gumba kipo. Huenda ukapata alama ya juu, huenda shangazi akapoa baada ya mwaka, mambo ya namna hiyo hutokea. Ninachokuomba upime ni hiki: ulichonacho wewe ambacho wenzako darasani hawana si kamera nzuri, ni kwamba wanawake wa Langoni wanakuacha uketi nao ndani. Filamu yako ya pili, na ya tatu, zinategemea mlango huo huo. Waulize wenye mlango wataonaje, usinisikilize mimi niliye mbali.

Jambo dogo ambalo sikuliona ndani ya barua yako: nani atabaki na rekodi nzima, ile ndefu, yenye nyimbo zote? Hata dakika 25 za chuo zikiwaje, nyanya alitaka "haya" yasife, na wanaoyahitaji zaidi ni wasichana wa nyumba zenu watakaoolewa yeye akiwa hayupo. Toleo la nyumbani, refu, lisilo na mtahini, linaweza kutengenezwa hata baada ya mtihani. Shangazi akijua kwamba hilo lipo na litakuwa mkononi mwake, mazungumzo yenu ya chuo yanaweza kuchukua sura nyingine. Au yasichukue. Lakini lina thamani kwa lenyewe.

Kuhusu kumwambia msimamizi sasa au kungoja: hapa sina haja ya kuzungukazunguka, mwambie wiki hii. Umesema ni mama muelewa, na watahini na ukumbi hupangwa mapema, kwa hiyo kila siku unayongoja inampunguzia nafasi ya kukusaidia. Andika barua fupi. Usimwandikie kwamba familia imekataa, kwa kuwa bado haijakataa. Andika kwamba idhini inajadiliwa upya na unaomba kujua ni mabadiliko gani idara inaweza kuyakubali kabla ya tarehe. Na rekodi zako zote zitoe kwenye kompyuta za chumba cha uhariri, zibaki kwenye diski yako mwenyewe yenye nywila, mpaka nyanya atakaposema.